Saa ya Dungu

Wanawake waliokuwa wanamwosha mama mkwe wangu walifika kwenye mkono wa kushoto wakasimama. Mimi nilikuwa nje ya pazia nimeshika beseni la maji ya vuguvugu, nikasikia wananong'ona, halafu mmoja akatoa kichwa. "Mama Zita, hii saa imekufa. Tuivue?" Nikachungulia. Ule mkanda wa mpira uliokuwa wa bluu zamani, sasa una rangi ya majivu, ulikuwa umekaa pale pale ulipokaa miaka yote, kioo chake cheusi hakionyeshi kitu. "Iacheni," nikasema. Akaniuliza kama kweli nataka mtu mzima azikwe na saa mbovu. "Nimesema iacheni." Sauti ilitoka kali kuliko nilivyokusudia, na wifi yangu aliyekuwa anakunja kanga pembeni akaniangalia kwa jicho la kuuliza. Siku ya msiba mtu haanzi kueleza mambo marefu, kwa hiyo nilimpa lile beseni nikaenda kukaa na wapishi. Lakini maelezo yapo, na nimeona niyaandike kabla sijayasahau au sijayapamba.

Ni habari za mwaka wa korona. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano na mtoto wa miaka saba. Habari za jinsi nilivyoolewa, na kwa nini baba Zita alikuwa anakata miwa mbali na kuja nyumbani kwa kudra ya Mungu, zina mahali pake na si hapa. Itoshe kujua kwamba nilikuwa mpishi msaidizi kwenye hosteli moja hapa Ifakara, wanakofikia wageni wa utafiti, na kwamba tangu kuzaliwa mimi ni mtu wa wasiwasi. Mama Shufaa, mpishi mkuu, alizoea kusema kwamba hata nikiona maji yanachemka nauliza kama yataacha kuchemka. Alikuwa mwanamke mnene wa kutoka Kilosa, mcheshi, aliyeswali kwenye kona kati ya friji na magunia ya mchele, na aliyeamini kwamba hakuna baya lisilopungua ukilipikia chai ya tangawizi. Mwaka ule tuliipika ndoo kwa ndoo.

Jikoni kulikuwa na dirisha dogo la kupitishia sahani, na kupitia dirisha lile nilisikia mengi yasiyonihusu. Wageni wakishakula husahau kwamba nyuma ya sahani kuna watu. Hapo ndipo nilipoanza kusikia habari za ile mikanda, wakati wengi walikuwa wameshapanda ndege kurudi kwao na wamebaki wachache wanaokaa mbalimbali kama watu waliogombana. Kijana mmoja wa mradi, jina lake Gerald, mtoto wa Dar es Salaam aliyekuwa anakula wali kwa uma hata akiwa peke yake, alikuwa anamweleza mwenzake kwamba shule zimefungwa na hakuna ajuaye watoto wanaishije: wanalala saa ngapi, wanacheza au wamejikunyata, wananawa au hawanawi. Watavalishwa mikanda mkononi, kama saa. Chini ya mkanda kuna taa ndogo ya kijani inayosoma mapigo ya moyo. Na kwenye kibuyu chirizi cha kila nyumba kitafungwa kidude kidogo kama kifungo cha koti, mtoto akisogea pale kunawa, mkanda unajua. Mhudumu wa afya atapita na baiskeli na simu ya mradi, hana haja hata ya kuingia uani, simu yenyewe inavuta habari kutoka kwenye mkanda akiwa njiani. Kisha jioni mzazi anapata ujumbe. Nilisimama na sahani mkononi mpaka Mama Shufaa akanipiga kiwiko.

Kilichonifanya nimtafute Gerald kesho yake ni tangazo la meneja. Alituita uwanjani, akatupanga mbalimbali, akasema kuanzia wiki ile watu wa jikoni watalala humo humo ndani ya uzio. Anayetaka kwenda kwake aende, lakini akitoka ndiyo ametoka, mpaka hali itulie. Hakuna aliyejua kutulia maana yake nini. Siku zile ukikohoa benki watu wanakupisha foleni nzima. Nikampigia simu mama mkwe wangu, Bibi Apolonia, aliyekuwa anakaa Lumemo, nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, na kabla sijamaliza kulia akasema, "Sasa unalia nini? Mpunga unakaribia kuiva, mimi navuka kwenda kuamia. Nitakwenda na Zita. Odilia yupo, watasaidiana. Huko shambani hakuna korona, kuna ndege tu." Odilia ni binti wa wifi yangu, wakati ule na miaka kumi na mmoja, mtoto mwenye sauti ya kuamsha kijiji.

Kwa asiyelima mpunga, kuamia ni kulinda shamba dhidi ya ndege. Katika bonde letu mpunga ukianza kutoa maziwa mpaka uvunwe, kwelea hushuka kwa makundi, na usipokuwepo toka alfajiri mpaka jua lizame utavuna mabua. Familia huhamia shambani, zinajenga kibanda cha kulala na mbele yake dungu, yaani jukwaa la miti lililoinuliwa juu ya mpunga na kuezekwa nyasi kidogo. Mlinzi anakaa juu. Kutoka kwenye dungu zinakwenda kamba kila upande, zimetundikwa makopo, ukivuta yanalia shamba zima. Pembeni kuna rundo la udongo wa kurusha kwa kombeo, na juu ya yote kuna koo lako. Ni kazi ya zamu, maana hakuna anayeweza kupiga kelele kutwa. Na ni kazi ya watoto na bibi zao, tangu nijue dunia.

Gerald alikubali mara moja, alikuwa anatafuta watoto wa huko. Alinipa fomu, nikaweka sahihi, na mhudumu wa upande ule, mwanamume mpole aitwaye Kasto, akaenda kumvalisha Zita mkanda na kufunga kifungo kwenye kibuyu chirizi cha Bibi. Mkanda ulikuwa mmoja tu, wa Zita. Odilia hakuandikishwa kwa sababu mama yake alikuwa Mngeta kwenye kibarua na sahihi yake haikupatikana. Jioni ya kwanza simu yangu iliita nikiwa nachambua mchicha. "Habari mzazi. Leo mtoto wako amecheza vizuri na amenawa mikono. Hongera." Niliusoma mbele ya Mama Shufaa kama mtu aliyefaulu mtihani. Yeye alikuwa na watoto wanne Kilosa na hakuna aliyemwandikia. "Haya," akasema, "na mimi niwavalishe wangu kengele."

Nawaambia, niliishi kwa ule ujumbe. Ulikuja jioni, wakati wa kuandaa chakula cha usiku, na mimi kuanzia mchana nilikuwa sijiwezi. Nilikata vitunguu vikubwa vikubwa. Nilitia chumvi mara mbili. Redio ya jikoni ilikuwa inaeleza kunawa kwa maji tiririka na kujifukiza kwa nyungu, watu dirishani wanasimuliana nani amelazwa na nani amezikwa haraka haraka, na mimi nasikiliza yote kwa sikio moja, jingine liko kwenye mfuko wa aproni. Ukija, ndipo napumua. Amekimbia. Amenawa. Amelala mapema. Chumba tulicholala kilikuwa bohari ya zamani yenye harufu ya unga na dawa ya mende, vitanda viwili vya chuma na dirisha la wavu, na nilipolala niliweka simu chini ya mto ili niisome tena asubuhi kabla ya kuwasha jiko.

Wiki za mwanzo Bibi Apolonia alikuwa akija gatini, pale mitumbwi inapofunga ng'ambo ya daraja na mtandao unashika, ananipigia. Mimi nampa habari za mjukuu wake kabla yeye hajanipa. "Jana alikimbia sana, mama. Na alinawa kila alipokula." Anauliza, "Umejuaje?" "Si ile saa. Namwona humu kwenye simu." "Unamwona?" "Namwona kabisa. Kila siku." Nilijisikia fahari, nikirudia neno lile, namwona, kama mtu mwenye televisheni kijijini. Bibi hakuwa mtu wa kubishana na mambo ya kisasa. Akasema, "Basi vizuri. Mtazame." Zita akapewa simu, akasema anakula pepeta, ule mpunga mchanga wa kukaanga na kutwanga, mpaka tumbo linauma, kwamba Odilia anamwonea, na kwamba amemwona kiboko. Halafu salio likaisha.

Ambacho hakuna aliyeniambia, kwa sababu hakuna aliyeona ni jambo la kuambiwa, ni kwamba mkanda ule haukukaa kwenye mkono wa Zita hata wiki moja. Ulikuwa unaonyesha saa. Pale shambani hapakuwa na saa nyingine. Zamu za dungu zilikuwa zinapimwa kwa kivuli cha nguzo, na masika yale mawingu hayakuondoka, kivuli hakuna, kwa hiyo kila siku ilikuwa vita: Odilia anasema zamu yangu imekwisha, Zita anasema bado, Bibi anakuja na fimbo. Mkanda ulileta amani. Bibi akapitisha sheria kwamba saa ni ya dungu, si ya mtu. Anayepanda anaivaa, akishuka anamvisha mwenzake palepale chini ya ngazi, kilipo kibuyu chirizi, ananawa, anakula. Hakuwa anadanganya mtu. Aliambiwa na Kasto kwamba mkanda usivuliwe ukakaa bure, nao haukukaa bure hata dakika. Kwa akili ya mkulima, chombo kinachofanya kazi kutwa nzima ndicho kinachotunzwa vizuri.

Basi kwenye kompyuta ya Gerald mwanangu akawa maajabu. Siku moja alikuja mpaka dirishani, jambo ambalo hakuwa anafanya, barakoa imemshuka kidevuni. "Mama Zita, mtoto wako hachoki. Kuanzia alfajiri mpaka jioni mkono unakwenda tu. Na ananawa kuliko watoto wote wa mradi." Nilicheka. Zita huyu ninayemfukuza na sabuni kuzunguka nyumba! Nikasema huko yuko kwa bibi yake, kule hakuna kudeka. Mama Shufaa akasema ukimpata mtoto anayenawa bila kupigwa, umwombee, pengine anaumwa. Wote tukacheka, hata Gerald. Nilivyo mimi, siku yoyote nyingine neno kama lile lingeninyima usingizi, lakini siku ile nilikuwa na simu mfukoni inayosema amecheza vizuri. Iliniambia hivyo kesho yake, na keshokutwa, na siku zote ambazo, kama nilivyokuja kujua, mwanangu alikuwa amelala kwenye mkeka ndani ya kibanda, anatetemeka na kukohoa, na Odilia na Bibi ndio wanaopokezana zamu juu.

Simu ya Bibi ilikuwa imezama kwenye maji ya mafuriko. Dawa ya homa aliyokuwa nayo alimpa ikaisha. Angeweza kumwambia Kasto, aliyepita kila jioni kwenye tuta na baiskeli yake, akapunga mkono, simu yake ikavuta habari akaenda zake. Hakumwambia. Kule mashambani zilikuwa zimeenea habari kwamba mtoto mwenye homa na kikohozi anachukuliwa na gari, anapelekwa pasipojulikana, na akifa mnapewa jeneza lililofungwa, hamruhusiwi hata kumwosha. Usinicheke, na usimcheke Bibi. Aliyeyasema hayo aliyasema kwa uhakika, na watu wote tulikuwa tunaogopa kufa peke yetu. Kwa hiyo Kasto akipita, Bibi anapunga mkono, na anamwambia Odilia apige makopo kwa nguvu ili kikohozi kisifike njiani.

Kisha ujumbe ukabadilika. Nilikuwa nakaanga perege, mikono ina mafuta, nikafungua kwa kidole kidogo. "Habari mzazi. Leo mtoto wako hakuchangamka. Mhimize kucheza na kunawa mikono." Niliusoma tena. Nikaupuuza kwa nguvu, kama mtu anavyoupuuza mlango unaogongwa. Pengine mvua. Pengine amechoka, kila mtu huchoka. Samaki wakaungua upande mmoja, Mama Shufaa akawageuza. Jioni iliyofuata ukaja uleule, neno kwa neno. Nikavua aproni nikaenda kumgongea Gerald ofisini, mahali ambapo sikuwahi kuingia bila sinia la chai.

Alikuwa mpole. Akafungua kompyuta, akanionyesha mistari inayopanda na kushuka kama vilima, kisha mahali ambapo imelala. "Wameivua," akasema. "Inatokea sana. Mtoto anaichoka, wanaitundika ukutani. Nitamwambia Kasto aikague akipita." Nilitaka sana kumwamini. Nikauliza ule mstari mwingine mwekundu, wa chini, mbona haujalala? Akasogeza uso karibu na kioo. Akasema ni mapigo ya moyo. Nikamuuliza, "Ukuta nao una moyo?" Sikusema kwa ujeuri, kweli nilitaka anijibu kwamba unao, kwamba mashine husoma hata mapigo ya ukuta. Gerald akavua miwani. "Yanakwenda mbio," akasema taratibu. "Amelala chini kutwa na moyo unakwenda mbio. Mama Zita, wewe nenda. Nenda sasa hivi."

Nilitoka na kandambili za jikoni. Mama Shufaa alinikimbilia na kanga, chupa ya chai na barakoa, akaniambia Mungu yupo, halafu akageuka ili nisimwone akilia. Mlinzi getini alinikumbusha kwamba nikitoka ndiyo nimetoka. Alikuwa anatimiza kazi yake, akaniuliza mara mbili, na mara zote mbili nilimwambia fungua. Nilimpata kijana wa bodaboda, tukapita Kivukoni na kuvuka daraja jua bado lipo, mto chini umejaa, mwekundu, umebeba magogo na matete mazima. Sikuomba. Watu husema waliomba, mimi nilikuwa narudia tu, amecheza vizuri, amecheza vizuri, kama mtu aliyechanganyikiwa. Gatini nikapanda mtumbwi wa mzee mmoja aliyenikalisha mbali naye kwa sababu ya korona, na kwenye mtumbwi mbali ni wapi, lakini nilijibana kwenye pua ya mtumbwi nikampa mgongo ili asiogope.

Kelele za makopo nilizisikia kabla sijaliona dungu. Odilia alikuwa juu, anavuta kamba, analia huku anapiga kelele za ndege, sauti imemkauka. Hakuwa na mkanda mkononi. Nikaingia kibandani nimeinama. Kulikuwa na moshi, harufu ya mpunga mbichi, na Bibi Apolonia amekaa chini amemweka Zita mapajani, anampepea kwa ungo. Mwanangu alikuwa amepungua mpaka shingo imekuwa ndefu. Na kwenye mkono wake wa kushoto, umekazwa kwenye tundu la mwisho na bado unazunguka, mkanda wa bluu, na ile taa ya kijani inawaka na kuzima juu ya mshipa.

Bibi aliniangalia. Hakushtuka. Alikuwa na uso wa mtu aliyekuwa anangoja basi, na basi limechelewa lakini limekuja. "Nilimvalisha juzi," akasema. "Nikamwambia Odilia asiiguse tena. Nimekaa nakungoja." Sikuelewa. Nilikuwa nimeshampakata Zita, anaungua kama jiwe la kaangio, nikasema mama, kwa nini hukutuma mtu, kwa nini hukumwambia Kasto! Naye akanijibu kwa mshangao wa kweli, hana hata hasira, "Si ulisema unamwona humo?"

Safari ya kurudi siikumbuki yote. Nakumbuka Bibi ametangulia mbele na fimbo, anapima maji, mimi nyuma na Zita mgongoni, na nakumbuka yule mzee wa mtumbwi alipomsikia mtoto anakohoa alitazama mto, kisha akasema pandeni. Gatini tukapata pikipiki. Kwenye lango la hospitali muuguzi aliyefunikwa mdomo na pua alisimama mbele yetu. "Anakohoa?" Bibi akanishika kiwiko, vidole vyake vikanikaza. Niliona gari, niliona jeneza lililofungwa, niliona yote aliyokuwa anayaona yeye. Nikasema, "Ndiyo, anakohoa. Na ana homa, siku nyingi." Muuguzi akasema haya, kaeni pale kwenye benchi la peke yake, akaleta kiti chake mwenyewe, akamtoboa Zita kidole. Hakuna gari lililokuja. Ilikuwa malaria, ile kali, na kifua kilichoingiliwa na baridi juu yake. Walimwekea dripu, na siku mbili za kwanza daktari alikuwa akitupita bila kutuangalia machoni. Siku ya tatu, asubuhi, Zita alifungua macho akauliza zamu ya nani.

Hapo Bibi akasema anarudi shamba. Odilia yuko huko na jirani, ndege hawajui kama kuna mgonjwa. Muuguzi alipokuwa anatafuta mshipa mpya alikuwa ameuvua ule mkanda akauweka dirishani, na sasa nikamwona Bibi anauchukua, anaufuta kwa kanga. "Hii naondoka nayo," akasema. Nikafikiri anampelekea Odilia, kwa ajili ya zamu. Nikamwambia mama, maji yamezidi, jana wamesema tuta limekatika, subiri angalau kesho. Akasema kesho itakuwa na ndege wake. Akambusu Zita kwenye utosi, akaenda na fimbo yake, mwanamke wa miaka sitini na ushee, mguu mmoja unamsumbua, anakwenda kuvuka uwanda uliojaa maji peke yake. Mimi na wasiwasi wangu tukabaki kwenye kiti cha mbao. Mchana ikanyesha mvua kubwa upande wa shamba. Bibi hakuwa na simu. Nilimlisha Zita uji kijiko kwa kijiko, na kila kijiko namwona mama mkwe wangu maji yamemfika kiunoni. Nilikuwa nimempata mtoto, na sasa naona kama nimemlipia kwa bibi yake.

Jioni, wakati wanagawa chakula wodini na sufuria zinagongana kwenye korido, simu ikaita ndani ya kanga. Sikuwa nimekumbuka kwamba ipo. "Habari mzazi. Leo mtoto wako ametembea sana kuliko siku zote. Sasa amepumzika. Hongera." Nikamtazama Zita, amelala pale mbele yangu na sindano mkononi, hajashuka kitandani. Nikausoma tena. Kasto lazima alikuwa amesimama kwenye tuta kama kawaida yake, na mtu aliyekaa mbele ya kibanda, miguu imenyooshwa, amepunga mkono wenye mkanda. Nilianza kulia kwa sauti mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akainuka. Zita akaogopa. "Mama, inasema nini?" Nikamwambia, "Inasema bibi amefika."

Hosteli hawakunirudisha, kama walivyosema. Nilianza kuuza chai na vitumbua stendi na mpaka leo nipo, nina mgahawa wenye meza nane. Shule zilifunguliwa, mradi ukaisha, Gerald akapita kukusanya mikanda. Bibi Apolonia alimkaribisha vizuri, akampa kambale wa kukaanga, na akamwambia kwa huzuni kubwa kwamba ule wa Zita umepotelea majini, huku mkono wa kushoto ameuingiza ndani ya kanga tangu salamu mpaka kwaheri. Gerald alikula, akashukuru, akaandika kwamba umepotea. Nadhani alijua. Taa ya kijani ilizima baada ya miezi michache kwa kukosa chaji, lakini yeye hakuuvua, hata alipohamia kwangu na hakuwa na mahali pa kutembea zaidi ya choo na kibaraza. Nikimuuliza anasoma nini humo, anasema si wa kusoma yeye, ni wa mimi kumwona.

Tulimzika Lumemo saa kumi, kukiwa kumekauka. Watu walipotawanyika nilikaa kwenye ngazi za jikoni, na ilipofika wakati ule wa kuandaa chakula cha jioni niligundua nimeshika simu, naitazama kama nangoja ujumbe, na sina wa kumpigia. Zita ana miaka kumi na tatu sasa, amenipita urefu, na alikuwa anatoka na masufuria ya wapishi. Alinitazama mimi, akaitazama simu, akayaweka chini akakaa karibu yangu.

"Mama," akasema. "Amefika."